Kwa Nini Hukukata

Mume wangu alikuwa kinyozi, na kwa miaka mingi alimnyoa ndevu mtu ambaye nchi nzima ilimwogopa. Nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu nimechoka kusikia watu wakilinong'ona kana kwamba ni ugonjwa wa aibu. Alimnyoa. Kila asubuhi gari lilikuja kumchukua, likamrudisha kabla hajafungua duka, na siku ikaendelea kama siku nyingine.

Hakuiomba kazi ile. Kinyozi wa zamani wa Mkuu alikuwa amezeeka, mkono umeanza kumtetemeka, na dereva mmoja wa ikulu ambaye alikuwa mteja wetu akaropoka kwamba mjini kuna mtu akikunyoa husikii kitu, utadhani anakupangusa tu. Wateja walikuwa wamembandika mume wangu jina la Laini kwa ajili hiyo. Kesho yake watu wawili wenye suti walisimama mlangoni kwetu. Hawakumuuliza kama anataka, walimuuliza kama yuko tayari. Alichukua mkoba wake akaenda. Hao wanaosema angekataa, ningependa wanionyeshe mtu mmoja, mmoja tu, aliyekataa kitu enzi zile akabaki salama kusimulia.

Mimi ni dobi. Chumba changu kilipakana na duka lake, ukuta ni mmoja, na kutwa nzima nilisikia mkasi wake na vicheko vya wateja wake. Taulo za duka nilizifua na kuzipiga pasi mimi, zikiwemo zile nyeupe alizokwenda nazo ikulu, maana Mkuu hakuziamini hata taulo za nyumbani kwake mwenyewe. Watu walidhani tunaneemeka. Tulichopata ni kipande cha sabuni yenye harufu kali kila mwaka ulipoisha, na majirani waliobadilisha mazungumzo tulipokaribia.

Laini si mtu wa maneno. Aliyoyaona kule hakuyaleta nyumbani. Jambo moja tu aliniambia, wiki ile ya kwanza, tena akiwa amenipa mgongo anakunja shati: kwamba tangu anapopaka povu mpaka anapopangusa uso wa yule bwana, nyuma yake husimama mlinzi na bastola mkononi, mdomo wa bastola umeelekea uti wa mgongo wake. Alitaka nijue, ili siku asiporudi nisihangaike kuuliza kilichotokea. Baada ya hapo hatukulizungumza tena.

Tulikuwa na watoto wawili. Wa kwanza ni wa kiume, na nyumbani tulimwita Redio, kwa kuwa alianza kuongea mapema na hakuna aliyejua pa kumzimia. Aliyemfuata ni binti, mpole, akasomea uuguzi. Redio akawa karani wa tiketi katika stesheni ya reli, na huko huko akaanza kuhudhuria mikutano ya siri ya watu waliotaka kumwondoa Mkuu. Sikumkataza. Ndugu yangu wa mwisho kuzaliwa, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha uchapaji, alichukuliwa na watu wa Mkuu mchana kweupe, kavaa aproni, vidole vimejaa wino, na mpaka leo hatujaona hata kiatu chake. Kwa hiyo asinijie mtu kunifundisha ubaya wa Mkuu. Ninao mwilini.

Mapinduzi yalipokuja nilifurahi kuliko watu wote wa mtaa wetu. Nilitoka na beseni langu la kufulia nikalipiga kama ngoma mpaka likabonyea. Mkuu alipanda ndege na jamaa zake akatokomea. Asubuhi iliyofuata gari halikuja. Laini aliamka kama kawaida yake, akavaa, akaketi ukingoni mwa kitanda na mkoba mapajani, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Siku ile alifungua duka mapema akanyoa watu bure mpaka jioni, na Redio alipofika, kitambaa chekundu cha mapinduzi kimefungwa mkononi, baba yake alimkumbatia mbele ya wateja wote. Nilikuwa pale. Niliona kwa macho yangu.

Kisha ikaundwa Kamati ya Utakaso.

Kazi yake ilikuwa kuwahukumu waliomtumikia Mkuu. Jambo zuri, tulisema. Lakini mawaziri walikuwa wameshakimbia, majenerali wameshabadilisha kofia, na kamati iliyoundwa kuhukumu haiwezi kukaa bure bila watu wa kuwahukumu. Basi wakaanza na waliobaki. Mpishi. Mtunza bustani. Dereva. Fundi aliyemshonea Mkuu mashati. Mwenyekiti wa kamati yenyewe alikuwa mkaguzi wa shule wa zamani, yule yule aliyewapanga watoto juani kila siku ya kuzaliwa kwa Mkuu waimbe sifa zake. Binti yangu aliwahi kuzirai katika mstari ule. Sasa bwana huyo alikuwa na kitambaa chekundu kikubwa kuliko cha mtu yeyote, na Redio, kwa kuwa alijua kusema, alipewa kiti pembeni yake, awe anauliza maswali kwa niaba ya vijana.

Laini walimchukua mchana, katikati ya kazi. Mteja wake alitoka dukani na povu shavu moja, shavu jingine limenyolewa, akaenda zake nyumbani hivyo hivyo bila kuangalia nyuma. Nilikimbia mpaka ofisi za kamati kumtafuta mwanangu. Alinituliza, akaniambia nisiwe na wasiwasi, ni maswali tu, kila mtu anaulizwa. Akanipa na maji ya kunywa. Nikarudi nyumbani nimetulia kweli, kwa sababu nilijua aliyeshika maswali ni nani.

Kesi ilisikilizwa katika ukumbi wa mtaa. Walifunga vipaza sauti nje ili hata waliokosa nafasi wasikie. Niliketi benchi la mbele na binti yangu. Laini aliletwa akasimamishwa jukwaani, na kwa kuwa hakuzoea kusimama bila kitu mkononi, mikono yake ilikuwa inatafuta pa kukaa. Mkaguzi alisoma mashtaka, marefu, yenye maneno mengi mazito ambayo yote kwa pamoja yalisema kwamba mume wangu alinyoa ndevu. Kisha akampa nafasi mwakilishi wa vijana.

Redio alisimama. Alikuwa amenyoa vizuri, shati limepigwa pasi, pasi yangu. Hakumwita baba. Alimwita mshtakiwa.

"Mshtakiwa," alisema, "kila asubuhi ulikuwa na wembe kwenye shingo ya muuaji. Kwa nini hukukata?"

Nilimsikia mwanangu mara mbili, mara moja kwa mdomo wake na mara ya pili kwa vile vipaza sauti vya nje, vilivyochelewa kidogo. Laini alimtazama. Sidhani kama alikuwa anatafuta jibu. Nadhani alikuwa anamtafuta mtoto.

"Alikuwa mteja," akasema.

Watu wakazomea. Redio akangoja wanyamaze, kama alivyojifunza mikutanoni, kisha akaendelea. Akamkumbusha kuhusu mjomba wake, ndugu yangu mimi, akamtaja kwa sauti kubwa, jinsi alivyochukuliwa na aproni yake, akauliza ni kweli au si kweli kwamba siku iliyofuata mshtakiwa aliamka akaenda kumnyoa aliyeagiza achukuliwe.

"Ni kweli, nilikwenda," alijibu Laini.

Hapo ndipo hasira iliponianza, na haijaisha. Ndugu yangu nilimbeba mimi mgongoni mama yetu alipokuwa anaumwa. Nilimlilia bila kaburi. Hakuna aliyekuja kuniomba ruhusa ya kumleta ukumbini na kumtupia mume wangu kama jiwe. Kama kuna mtu katika dunia hii mwenye haki ya kumuuliza Laini swali lile, ni mimi, na mimi sikuuliza, kwa sababu nilijua kuhusu bastola.

Wakaita shahidi. Aliingia mtu mrefu, mwenye kitambaa chekundu kama wao, akajitambulisha kuwa zamani alikuwa mlinzi wa ikulu na sasa ni mlinzi wa mapinduzi. Alisema kwamba alikuwepo kila asubuhi. Alisema kinyozi alikuwa na kila nafasi ya kuikomboa nchi kwa mkato mmoja, na hakufanya hivyo kwa kuwa moyo wake ulikuwa kwa Mkuu. Alisema hivyo bila haya, na ile kamati ikawa inatikisa vichwa kwa masikitiko.

Sikumbuki kusimama. Nilijikuta nimesimama.

"Na bastola yako wewe ilikuwa inatazama wapi?" nilimuuliza.

Mtu huko nyuma akacheka, na kicheko kikasambaa mpaka nje. Mkaguzi akapiga meza. Lakini yule mlinzi alikuwa askari tangu ujana wake, akiulizwa anajibu. Akasema kwamba ilikuwa mgongoni mwa kinyozi, hiyo ndiyo iliyokuwa amri. Na kwa kuwa kicheko kilimtia kiwewe, akataka kuonyesha kwamba kazi yake aliifanya sawasawa. Akaongeza: "Hata siku ile alipothubutu kumuuliza Mkuu habari za shemeji yake, mimi ndiye niliyempiga. Nilimpiga kwa kitako cha bastola, hapa sikioni, akaanguka. Kisha akainuka akamaliza kunyoa."

Nilikaa chini. Laini hasikii vizuri upande wa kushoto. Wakati ule alikuja nyumbani sikio limevimba, akaniambia ameingiwa na maji, na mimi nikampashia mafuta nikamtia, nikamgombeza kwa kuoga kama mtoto. Aliuliza. Wembe mkononi, bastola mgongoni, alimuuliza yule shetani yuko wapi ndugu ya mke wake. Na hakuwahi kuniambia, kwa sababu hakupata jibu la kuniletea.

Mama mmoja nyuma yangu alikuwa analia. Nikamtazama mwanangu. Naye hakujua, niliona usoni mwake kwamba hakujua. Mlango ulikuwa wazi mbele yake. Ilikuwa aseme neno lolote, au hata akae tu kimya, na kesi ile ingejifia yenyewe. Akainamisha kichwa kwenye karatasi zake.

"Tuendelee," akasema.

Mengine yote ningeweza kuyameza. Swali ningelimeza, kwamba ni ujana, ni kelele za watu. Hilo neno moja limenikwama hapa kooni.

Hukumu ilisomwa siku ile ile. Laini alipigwa marufuku kushika kitu chochote chenye makali, na akapewa kazi ya kufagia kwa manufaa ya umma. Duka likachukuliwa likawa ofisi ya tawi la vijana. Kiti chake cha kunyolea hawakukitoa. Kiongozi wa tawi alikikalia, na ukipita mchana unamwona akijizungusha.

Walikuja nyumbani wakachukua mkoba wake, nyembe, mikasi, na ule mkanda wa ngozi wa kunolea. Kisha wakaingia jikoni wakachukua visu vyangu, maana marufuku imesema chochote chenye makali. Nikawauliza vitunguu nitakata na nini. Mmoja wao, kijana niliyemfulia sare tangu shule ya msingi, akaniambia nitumie meno. Kuanzia hapo nikawa nakata mboga kwa jirani, na mkate tukawa tunamega. Na wenye akili zao walimpangia mume wangu kufagia machinjioni. Alifanya kazi pale karibu wiki nzima, mapanga na visu vimemzunguka kila upande, ndipo mtu mmoja ofisini akashtuka, wakamhamishia haraka kwenye stesheni ya reli. Ningecheka kama si kuona mahali walipompeleka: alifagia mbele ya dirisha lile lile la tiketi ambako mwanawe alikuwa akikaa, na makarani wote wanamjua.

Ndevu zikaanza kumwota. Hakuruhusiwa kujinyoa, na hakukubali mtu mwingine amnyoe. Mtu niliyezoea kumwona safi kila siku ya Mungu akawa na ndevu nyeupe mpaka kifuani, na watoto stesheni wakawa wanamwita mzee wa msituni.

Binti yangu naye akaondoka. Hospitali iliwatangazia wafanyakazi kwamba anayeishi nyumba moja na mtu aliyehukumiwa na kamati achague, kazi au nyumba. Alifunga nguo zake akahamia kwa kaka yake, ambaye alikuwa amepandishwa cheo na kupewa nyumba ya waziri mmoja aliyekimbia. Sikumlaumu kwa kuondoka. Nilimlaumu kwa maneno aliyoniachia mlangoni: kwamba Redio amemwokoa baba. Kwamba lile swali lingeulizwa na mtu mwingine, baba angepelekwa kule kwenye machimbo ya mawe alikopelekwa mpishi, lakini likiulizwa na mtoto wake mwenyewe, hakuna wa kumzidi ukali, na kamati inaridhika na adhabu ndogo.

Nilikwenda kulisikia kwa mwenyewe. Mara moja tu nilikanyaga nyumba ile. Taa za vioo zinaning'inia darini, mazulia yanameza miguu, na mwanangu akanimiminia chai kwenye vikombe vya mke wa waziri. Akanieleza yale yale, kwa utaratibu, kwa sauti ya chini, kana kwamba mimi ndiye ninayehitaji kueleweshwa. Alisema anajua nina uchungu. Alisema siku moja nitamshukuru.

Huenda alisema kweli. Waliopelekwa machimboni hawakurudi, na swali la mwanangu likawa mtindo: mpishi aliulizwa kwa nini hakutia sumu, dereva kwa nini hakuupeleka usukani mtoni. Laini wangu alirudi nyumbani. Hayo siyakatai. Lakini nilimuuliza Redio, na lile "tuendelee", nalo lilikuwa la kumwokoa? Mtoto niliyemwita Redio alikaa akaangalia kikombe. Nikaiacha chai yake hapo, nikatembea kwa miguu mpaka nyumbani.

Mwaka uliofuata, mchana mmoja tukila, gari lilisimama nje. Lilikuwa gari la serikali. Akaingia Redio, peke yake, amekonda. Mkononi alikuwa na mkoba wa baba yake, ule ule waliouchukua. Aliuweka juu ya meza, akaketi bila kukaribishwa, akasema amekuja na habari njema.

Habari zenyewe ndizo hizi. Mwenyekiti wa Mapinduzi, mtawala wetu mpya, aliyeapa msituni kutonyoa ndevu mpaka nchi ikombolewe, sasa alitaka kunyoa, maana wageni wa nje hawamwelewi. Lakini alikuwa hamwamini mtu. Vinyozi wawili walikwisha letwa. Mikono iliwatetemeka kwa hofu, akawafukuza. Ndipo mtu akamwambia kwamba yupo mzee mmoja aliyemnyoa Mkuu asubuhi zote zile na hakuwahi hata kumkwaruza. Mwenyekiti akafurahi sana. Akasema huyo ndiye mtu anayemtaka, mtu ambaye ukimpa shingo, shingo inabaki. Akamuuliza Redio kama ni kweli ni baba yake, na Redio akasema ndiyo, na akaahidi kumleta. Duka litarudishwa. Marufuku itafutwa. Visu vyangu pia, aliongeza, akajaribu kutabasamu.

Sikuweza kunyamaza. Nilimwambia nataka kuelewa vizuri, kwa sababu mimi sikusoma sana. Kwamba kitu kile kile kilichomfanya baba yake apewe adhabu ya kufagia mavi ya ng'ombe, leo ndicho wanachomtakia? Jana ni msaliti kwa kuwa hakukata, na leo ni mtu mwema kwa kuwa hakukata? Kama ni hivyo basi warudi ukumbini, wafunge tena vipaza sauti vyao, wawatangazie watu kwamba walikosea. Redio akasema mambo hayaendi hivyo, mama. Nikamwambia yalipokuwa yanakwenda upande mwingine yalikwenda haraka sana.

Laini alinigusa mkono. Alikuwa bado anatafuna. Alimeza, akapangusa ndevu zake, akamgeukia mwanawe kwa sikio linalosikia.

"Na huyu wako siku watakapomwondoa," aliuliza, "atakayeniuliza atakuwa nani?"

Redio akainama. Akasema kwa sauti ya kuomba kwamba ameshaahidi. Hapo nikaona kilichomkondesha. Ahadi kwa mtu kama yule haivunjwi bure, na shingo iliyokuwa hatarini siku ile haikuwa ya Mwenyekiti.

Nadhani Laini naye aliona. Aliinuka, akaufungua mkoba, akatoa vitu vyake kimoja kimoja, brashi, bakuli, mkanda, wembe. Akaniomba maji ya moto. Nilidhani anataka kuondoa zile ndevu zake, nikaleta. Akakiburuta kiti cha jikoni mpaka karibu na dirisha.

"Njoo ukae," akamwambia Redio.

Redio alisema amekwisha nyoa asubuhi. Baba yake akasema anaona, lakini amenyoa vibaya. Kijana akaketi, kwa sababu kuna sauti ambayo mtu huitii kabla hajafikiri. Laini akamfunga taulo, akamlaza kichwa nyuma, akampaka povu. Akaunoa wembe kwenye mkanda, taratibu, bila haraka hata kidogo. Kisha akaegemeza vidole vya mkono wa kushoto chini ya kidevu cha mwanawe, akavuta ngozi, akauweka wembe kooni.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sufuria tupu. Nasema kweli, sikujua kitakachotokea. Redio naye hakujua. Alikuwa ameyatoa macho, ameyakaza darini, mikono imeshika kiti, jasho linachuruzika mpaka ndani ya masikio. Niliona koromeo lake likipanda na kushuka chini ya chuma. Na Laini alikuwa ananyoa, kama anavyonyoa mtu yeyote, mkono haujasahau kitu, upande huu, upande ule, chini ya taya. Alipomaliza alimpangusa kwa taulo la moto, akamgeuza uso kwenye mwanga, akatazama kazi yake.

Redio alikuwa analia. "Baba, mimi..."

"Umependeza," alisema Laini. "Kamwambie mtu wako kwamba mimi ni mzee, mkono umekwisha."

Redio alikwenda akamwambia hivyo. Alimdanganya Mwenyekiti usoni kwake kwa ajili ya baba yake, na hilo ninalihesabu, nisije nikaonekana sina haki. Haukupita muda akavuliwa cheo, akanyang'anywa nyumba ile ya taa, akapelekwa kuwa karani wa forodha huko mpakani, kwenye vumbi na nzi. Binti yangu akarudi kwetu na mizigo yake, na hospitali haikuuliza kitu, kwa kuwa kwa kipindi hicho walishasahau wamechukia nini.

Mwenyekiti naye aliondolewa na wenzake baadaye. Hakukatwa na kinyozi, alipigwa risasi na watu waliokuwa wakila naye meza moja. Kamati ya Utakaso ilivunjwa kwa tangazo la mistari michache. Mkaguzi wa shule sasa anazungumza hewani siku za sikukuu, anatuhimiza tusameheane, tusifukue ya nyuma. Namzima kila anapoanza. Duka hatujarudishiwa, kuna mtu anauza humo simu. Laini ananyolea watu barazani kwetu, asubuhi tu, macho yanapokuwa na nguvu.

Redio huja likizo. Baba yake anamlaza kwenye kiti, anamnyoa, wanazungumza habari za mpakani, za mizigo na wasafiri, na wakati mwingine nawasikia wakicheka. Mume wangu amekwisha msamehe. Hakuniuliza mimi, na sikutaka aniulize. Sikio ni lake.

Mimi bado. Nampikia, nampakulia, nafua mashati yake ya forodha mpaka maji yanatoka safi. Lakini ninapotoka kumpa sahani, siketi. Safari iliyopita alinifuata uani nikianika, akasema, "Mama, unataka nifanye nini? Niambie nifanye."

Nilimwambia ni jambo dogo. Yale maneno ya kumvua nguo baba yake aliyasema mbele ya watu, kwenye vipaza sauti. Basi arudi pale pale, asimame, aseme kwamba aliposikia habari ya sikio alijua baba yake hana hatia, na bado akasema tuendelee. Akaniambia kwamba ule ukumbi siku hizi hauna mikutano. Unakodishwa kwa harusi.

"Harusi ni nzuri," nilimwambia. "Watu wanakuwa wengi."

Akasimama pale kati ya mashuka, hajui kama namtania. Simtanii.